Pigo kwa huyu, afueni kwa yule

Fungua habari yoyote ya korti humu Kenya utakuta ni pigo ama ni afueni. Pigo kwa serikali korti ikisitisha hiki, afueni kwa gavana jaji akisimamisha kile, na stori imeisha hapo. Ukishuka mpaka chini utapata jina la jaji, majina ya mawakili wawili watatu, alafu aya kama sita hivi za wanasiasa wakisema wamefurahi ama wamekasirika. Swali ambalo korti iliulizwa halipo. Jibu limepewa mstari mmoja. Na oda yenyewe inadumu mpaka lini, hilo nalo utalitafuta kwa tochi.

Mimi si wakili, ni ugonjwa tu wa kufuata hizi kesi, watu wengine wanafuata mpira na mimi nafuata korti za Milimani hapa Nairobi. Na malalamiko yangu kwa midia yetu ni moja tu, wanaripoti korti kama siasa. Wanatuma watu wa siasa, wanauliza maswali ya siasa, wanawaita wanasiasa studioni kuchambua, mwisho tunaambiwa nani kashinda na nani kashindwa kama matokeo ya uchaguzi mdogo, kumbe korti haifanyi kazi hivo, korti inajibu swali iliyoulizwa na mara nyingi inalijibu nusu, ama inalijibu kwa muda, ama inasema hili swali halijanifikia vizuri rudini nyumbani.

Chukua ile Sheria ya Fedha ya 2023, manake hiyo iligusa kila payslipu. Rais Ruto alitia sahihi mwisho wa Juni. Tarehe 30 Juni Jaji Mugure Thande wa Mahakama Kuu akatoa oda ya muda kusimamisha utekelezaji. Sasa hapo watu wakashangilia mitaani na mitandaoni, sheria imekufa, ushuru umekwisha, na ukiangalia namna habari zilivyotangazwa huwezi kuwalaumu. Lakini ile oda haikusema sheria ni mbaya. Ilisema tu ngojeni kwanza, hii kesi ina maswali ya maana, isije sheria ikaanza kuumiza watu alafu baadaye tugundue haikufaa. Basi. Tena bei ya mafuta ikapanda hata hivyo tarehe 1 Julai na VAT yake ya asilimia 16, wakaanza kulumbana kama oda imedharauliwa ama haijadharauliwa, na mwananchi wa kawaida aliyeambiwa jana kwamba sheria imesimama anatoka pampu ya mafuta akijiuliza kwani korti ni ya nini.

Alafu 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile oda. Pigo likageuka afueni. Novemba 28 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakatoa hukumu yenyewe sasa, wakasema makato ya nyumba, yale ya asilimia 1.5 ya mshahara ya kujenga nyumba nafuu, yanakiuka katiba, lakini palepale wakaipa serikali muda mpaka 10 Januari 2024 kabla hukumu ianze kuuma, kwa hivyo makato yakaendelea Desemba na watu wakawa wanapiga kelele kwamba serikali inavunja sheria, kumbe ni korti yenyewe iliruhusu. Nani alieleza hilo kwa lugha ya kueleweka kwenye habari za saa moja? Labda kuna mahali lilielezwa na mimi nilikuwa jikoni. Tarehe 26 Januari Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza huo muda, makato yakasimama, bunge likakimbia kutunga sheria mpya ya nyumba nafuu ambayo rais aliitia sahihi 19 Machi, makato yakarudi.

Na bado hatujamaliza, subiri. 31 Julai 2024, tayari vijana wameandamana, tayari mswada wa fedha wa 2024 umeondolewa, Mahakama ya Rufaa ikatangaza Sheria ya Fedha ya 2023 yote nzima ni batili. Yote! Mwezi Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha hiyo hukumu kwa muda, na 29 Oktoba ikaifuta kabisa, sheria ikabaki hai. Hesabu mwenyewe hizo ni pigo ngapi na afueni ngapi. Mtu aliyefuata hiyo safari kupitia vichwa vya habari peke yake ana haki kabisa ya kuamini kwamba majaji wa Kenya wanabadilisha nia kama hali ya hewa, ama mbaya zaidi, kwamba kuna mtu anapita na bahasha. Lakini ukiisoma hatua kwa hatua kila hatua ina sababu yake, oda ya muda ni kitu kimoja, kusimamisha hukumu wakati wa rufaa ni kitu kingine, hukumu yenyewe ni kitu cha tatu, na kila moja ina kipimo chake. Unaweza kukataa hizo sababu, mimi mwenyewe ziko ambazo sikubaliani nazo hata kidogo, ila huwezi kuzikataa kama hujaambiwa zipo.

BBI, ule mpango wa rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kubadilisha katiba, ndo ilinikatisha tamaa kabisa na huu mtindo wa nani kashinda. Mnakumbuka 13 Mei 2021, majaji watano wa Mahakama Kuu wamekaa laivu kwenye tivi wanasoma hukumu masaa na masaa, nchi nzima imekaa kimya inasikiliza sheria ya katiba kama tamthilia, mama mboga anajua jina la Jaji Odunga. Ilikuwa siku nzuri sana kwa watu kama mimi, nakiri. Agosti Mahakama ya Rufaa nayo ikasoma yake, karibu siku nzima. Alafu 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikamaliza maneno na karibu kila mahali habari ikawa moja, BBI imekufa, imezikwa, kwaheri.

Ni kweli ilikufa. Lakini angalia ilikufa vipi. Mahakama ya Juu ilikuwa na maswali saba mbele yake. Kwenye lile fundisho la muundo wa msingi wa katiba, yaani kwamba kuna sehemu za katiba haziwezi kubadilishwa kwa njia za kawaida, lile ambalo korti mbili za chini zilikuwa zimelishikilia na ambalo wasomi walikuwa wameandika habari zake mpaka wakachoka, Mahakama ya Juu ikasema halitumiki hapa kwetu. Yaani upande wa BBI ulishinda hapo. Kwenye swali kama rais aliye madarakani anaweza kushtakiwa kwa kesi ya madai juu ya kazi anayofanya kama rais, ikasema hapana, upande wa BBI ulishinda tena. Kwenye akidi ya makamishna wa tume ya uchaguzi, IEBC, pia. Kilichoiua ni kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kupitia njia ile ya wananchi kukusanya sahihi, manake hiyo njia ni ya wananchi na yeye ana njia yake ya bunge. Sasa niambie, kwa mtu atakayeishi Kenya miaka 20 ijayo, lipi ni kubwa, kwamba mswada fulani wa Uhuru na Raila ulianguka, ama kwamba korti ya juu kabisa imesema hakuna sehemu ya katiba iliyowekewa ukuta ambao bunge na kura ya maoni haviwezi kuuvuka? Mimi naona hilo la pili ndo habari. Lakini halina mshindi wala mshindwa, halina mtu wa kumwekea mikrofoni nje ya korti akicheka, kwa hivyo likapita.

Na hiyo mikrofoni ya nje ya korti ni stori yake peke yake. Kesi inaisha ndani, mawakili wanatoka, wanasimama kwenye ngazi, na kila mmoja anaeleza hukumu kama alivyotaka iwe. Wa upande ulioshindwa atasema tumeshinda kimsingi. Ripota ana dakika chache za kurusha habari, hukumu ni kurasa mia na kitu, na huyu wakili amesimama hapa anaitafsiri bure. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kumwambia mhariri ngoja nisome kwanza, kituo cha pili kimeshatangaza.

Tangu 2013 tulipoanza kuona kesi za urais laivu, mawakili wamekuwa mastaa, na sina shida na hilo, watu wamejifunza mengi kwa kuangalia. Nilimpenda marehemu wakili Nowrojee vile alivyokuwa akiongea polepole mpaka unasahau ni kesi. Lakini laivu ina mtego wake, na mfano mzuri zaidi ni wa 2022. Siku za mwisho za kesi ya kupinga ushindi wa Ruto, wakili Julie Soweto akaonyesha kwenye skrini ya korti fomu ya matokeo yenye jina la Jose Camargo, yule raia wa Venezuela wa kampuni ya teknolojia ya uchaguzi, kana kwamba ameingilia matokeo. Wacha mitandao iwake! Ile klipu ilizunguka usiku kucha, kila kundi la WhatsApp nililokuwamo ilikuwamo mara tatu, stesheni zikairudia na kuirudia, na paneli za asubuhi zikawa zinaongea kama kesi imeamuliwa tayari.

Siku chache baadaye, 5 Septemba, majaji wote saba wakakataa hiyo kesi, na kuhusu hilo la Camargo wakasema wazi kwamba lilikuwa hewa tupu na kwamba walizungushwa kutafuta kitu ambacho hakikuwapo. Kisa chenyewe kilikuwa cha namna ile fomu inavyoonekana ikifunguliwa, sio cha mtu kuingilia. Haya sasa. Klipu iliangaliwa na nchi nzima, ufafanuzi wake ulikuwa ndani ya hukumu, na mpaka leo nikitaja jina la Camargo kwenye mazungumzo kuna mtu ataniambia lakini si tuliona kwa macho yetu. Mliona, ndiyo. Mliona hoja ya upande mmoja, na hoja ya upande mmoja ni hoja tu mpaka ipimwe. Hakuna stesheni niliyoiona ikiichukua ile klipu ikaiweka kando kwa kando na aya ya majaji na kusema hiki ndo kilidaiwa na hiki ndo kilipatikana. Ingekuwa dakika mbili za hewani. Hukumu kamili yenye sababu ilitoka 26 Septemba, na kesho yake rais akataja baraza lake la mawaziri, kwa hivyo nadhani unajua hiyo wiki tulisoma nini.

Hii habari ya kutangaza mwanzo na kusahau mwisho ndo ugonjwa mkubwa zaidi, na kwenye kesi za jinai inaumiza watu wa kweli. Miaka ile ya 2018 na 2019 kulikuwa na zile kamatakamata za Ijumaa, mshukiwa anashikwa Ijumaa jioni ndio alale ndani wikendi, kamera ziko pale tayari kana kwamba zilikuja naye kwenye gari, Jumatatu anapelekwa kizimbani picha ukurasa wa kwanza, mabilioni kwenye herufi kubwa. Kusomewa mashtaka ndo kilele cha habari. Alafu kesi inatajwa, inaahirishwa, shahidi hajafika, faili haionekani, hakimu amehamishwa, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, na hakuna mwandishi hata mmoja ndani ya chumba. Ikiisha, kama itaisha, ni kipande kidogo ukurasa wa 14. Katiba yetu kifungu cha 50 kinasema kila mtu anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine, na hicho kifungu kinamlinda hata yule ambaye wewe na mimi tunaona sura yake tu tunajua huyu alikula.

Na siku hizi hata huhitaji ripota kwenda mahali. Idara ya upelelezi, DCI, inaandika yenyewe kwenye mtandao, na wana mwandishi mzuri kweli wale watu, stori zina giza, zina risasi, zina jambazi mwenye majina matatu ya utani, unasoma kama riwaya. Shida ni kwamba midia inainua hiyo stori kama ilivyo, inaweka jina la mwandishi wao juu, imekwisha. Hiyo ni taarifa ya upande wa mashtaka! Wakili wa huyo jamaa hajaulizwa kitu. Familia yake haijaulizwa. Na kama kesi itakuja kuanguka, DCI hawataandika riwaya ya pili kueleza ilianguka vipi, hiyo tusitegemee.

Alafu kuna kesi kuondolewa. Novemba 2022 mwendesha mashtaka mkuu aliondoa kesi ya ufisadi ya shilingi bilioni 7.3 dhidi ya Rigathi Gachagua, wakati huo ndo ameingia kuwa naibu rais, na kulikuwa na nyingine za wakubwa zikiondolewa karibu na wakati huo. Watu wakasema amesafishwa, wengine wakasema ameibia nchi na kuponyoka, na katikati hakukuwa na mtu wa kueleza kwamba kesi kuondolewa si sawa na kushinda kesi. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 87(a), inasema mtu ambaye kesi yake imeondolewa kabla hajajitetea anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Hajahukumiwa kwamba ana hatia, hajahukumiwa kwamba hana. Yuko tu hapo.

Hilo si geni kwetu, tulilipitia na Hague, kwenye korti ya kimataifa ya jinai, ICC, juu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Desemba 2010 kiongozi wa mashtaka wa huko, Ocampo, alitaja majina sita mchana kweupe, nchi imesimama, baadaye wakabaki wanne kwenye mashtaka. Ya Uhuru yakaondolewa na kiongozi wa mashtaka Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ya Ruto na Joshua Sang (naye Sang alikuwa mtangazaji wa redio, hilo midia hawapendi kulikumbuka sana) yakafutwa 5 Aprili 2016 na majaji wawili dhidi ya mmoja. Wakaandika wazi kwamba hii si hukumu ya kutokuwa na hatia na kwamba wanaweza kushtakiwa tena siku za mbele, na jaji mmoja akaenda mbali zaidi akaeleza namna mashahidi walivyoingiliwa na siasa ilivyojaa kwenye hiyo kesi mpaka ikaharibika. Sisi huku tukafanya nini? Tukaenda uwanja wa Afraha Nakuru kutoa shukrani, laivu kwenye kila stesheni. Sisemi wasishukuru, ni haki yao, mtu akitoka kesi kubwa namna ile lazima apumue. Nasema kazi ya midia siku ile ilikuwa kumwambia mtu wa Burnt Forest aliyechomewa nyumba kwenye zile ghasia kwamba hakuna korti yoyote iliyoamua nani alimchomea. Aliambiwa Hague imeisha, na akaachwa ajaze mwenyewe.

Kwa nini iko hivi? Watu wanapenda kusema midia imenunuliwa, na mimi sikatai kuna siku inanunuliwa, matangazo ya serikali ni pesa nyingi na wenye stesheni wanajuana na wakubwa. Lakini sababu nyingine ni za kawaida kabisa, hata zinachosha. Waandishi wengi wanaokaa kortini ni wale wa kulipwa kwa stori. Amekaa Milimani tangu saa mbili asubuhi, kesi yake imeitwa saa sita, wakili anaomba iahirishwe, imekwisha, hana stori, hana pesa, nauli imeenda. Wiki ijayo atachagua kesi yenye jina kubwa manake hiyo hata ikiahirishwa inalipa. Hapo ndo unaelewa kwa nini siku ya kusomewa mashtaka inajaa na siku ya hukumu ya mtu asiye na jina haina mtu. Mhariri naye anajua habari ya siasa inasomwa, kwa hivyo ile ya korti inavalishwa nguo za siasa ndio ipite. Na tangu 2020 kesi nyingi zimehamia mtandaoni, hukumu inatumwa kwa barua pepe, ambayo kwa kweli ingekuwa nafuu kwa ripota angalau asikae kwenye benchi siku nzima, lakini vyumba vya habari vimepunguza watu miaka hiyohiyo, kwa hivyo yule mmoja aliyebaki ana linki nne wazi kwa wakati mmoja na hasikilizi hata moja vizuri.

Cha ajabu ni kwamba malighafi ipo bure. Kenya Law wanaweka hukumu mtandaoni, mtu yeyote anaingia anasoma, hulipi kitu. Na hukumu za kwetu zina tabia nzuri, ukienda kurasa za mwisho kabisa utakuta oda zimeorodheshwa kwa herufi, hii imekubaliwa, hii imekataliwa, gharama kila mtu ajibebee. Ukisoma kurasa mbili za mwisho peke yake utajua zaidi ya aliyeangalia mjadala wa saa nzima kwenye tivi. Mimi huwa naanzia huko nyuma kisha narudi mbele kutafuta sababu. Lugha ni Kiingereza cha kisheria, ndiyo, na hapo ndo midia ya Kiswahili ingekuwa na kazi ya kutamba, manake wasikilizaji wa redio zetu ndio wengi na ndio wanaoachwa na pigo na afueni.

Haya madhara yanaonekana baadaye, siku mwanasiasa anapokasirika. 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, majaji wanne dhidi ya wawili, mara ya kwanza Afrika. Sababu kamili zilitolewa 20 Septemba. Zile siku kama ishirini za katikati nani alijaza pengo? Uhuru alijaza, akawaita majaji wakora hadharani siku ileile, na upande wa pili ukajaza na shangwe zake, na kufikia wakati sababu zinasomwa, zile za namna matokeo yalivyopeperushwa na ile mitambo ambayo IEBC ilikataa kufunguliwa licha ya oda ya korti, kila Mkenya alikuwa na maoni yake yamekauka kama saruji. Usiku wa kabla ya 25 Oktoba dereva wa naibu jaji mkuu akapigwa risasi, asubuhi yake, siku ya kusikiliza kesi ya kutaka uchaguzi wa marudio uahirishwe, majaji wawili tu ndio walifika kortini, akidi haikutimia. Tulifika hapo.

Januari 2024 tena, Ruto akiwa kwenye mazishi Nyandarua akasema kuna majaji wanahongwa na kwamba serikali haitakubali waangushe miradi yake, na ilikuwa kuhusu kesi zilezile za nyumba nilizozieleza pale juu. Midia iliyabeba hayo maneno yalivyo, asubuhi jioni. Wachache waliuliza jaji gani, kesi gani, ushahidi uko wapi na kwa nini haujapelekwa kwa tume ya huduma za mahakama, JSC, ambayo ndo kazi yake. Mawakili wakaandamana, ikawa picha nyingine nzuri, rais dhidi ya mawakili, nani kashinda. Mimi siwezi kuapa kwamba hakuna jaji wa Kenya anayekula rushwa, ningekuwa mwongo. Lakini mtu ambaye miezi sita ameambiwa tu korti imesitisha, korti imeruhusu, korti imesitisha tena, bila sababu hata moja, akiambiwa ni hongo anakuwa amepewa sababu ya kwanza kabisa kuisikia.

Na msiniambie hawawezi, manake nimewahi kuwaona wakiweza. 30 Januari 2018, siku Raila alipojiapisha kuwa rais wa wananchi pale Uhuru Park, serikali ilizima NTV, KTN na Citizen. 1 Februari Mahakama Kuu ikatoa oda mitambo iwashwe mpaka kesi isikilizwe, kesi iliyopelekwa na mwanaharakati Okiya Omtatah. Serikali ikakaa nayo siku kadhaa. Jameni, zile siku tuliripotiwa korti vizuri sana! Magazeti na tovuti za hizo kampuni zilitueleza oda inasema nini hasa, imetolewa dhidi ya nani kwa majina ya ofisi, ni ya muda mpaka lini, Omtatah amekwama kwenye geti gani akijaribu kuifikisha, kudharau korti kuna adhabu gani, kesi inarudi tarehe ngapi. Hakuna aliyeandika pigo kwa huyu na kuishia hapo, manake iliyozimwa ilikuwa stesheni yao. 2025 pia, Juni 25, mamlaka ya mawasiliano ilipoagiza maandamano yasionyeshwe laivu na korti ikasimamisha hilo agizo siku hiyohiyo, maelezo yalikuwa kamili mpaka kwenye redio za mtaani, kifungu cha 33 na cha 34 vikasomwa hewani neno kwa neno.